Halbadiri kwa Aliyekimbia

"Msiguse hata skrubu!" Halfani alifoka.

Fundi Isakwisa akarudisha spana mfukoni. Mtu wa bima alikuwa njiani kutoka Mbeya, na ilikuwa lazima alione lori kama lilivyoachwa.

Lori lenyewe, jekundu, ndilo pekee lililovuta magari mabovu Sumbawanga nzima. Mwaka ule wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, magari yalikwama kila kona ya Ufipa, na Halfani hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Sasa mlango ulikuwa umebonyea na winchi ya kuvutia magari imepinda. Aliyeligonga alikimbia.

"Lilikuwa wapi, mzee?" aliuliza Ambilikile, yule mtu wa bima.

"Hapa hapa nje. Mimi niko msikitini, alfajiri. Mke wangu alikuwepo, ila ukungu ulikuwa mzito."

"Nilisikia kishindo tu," alisema Kulsumu, akitazama chini.

"Basi msijali. Bima italipa."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu, akanywa chai yake. Halfani hakuwa wa namna hiyo. Huyu ndiye aliyempiga marufuku mwanawe wa pekee, Hamidi, asishike tena usukani, eti kwa kukwaruza bampa tu. Kijana akaenda zake Namanyere, kuuza katika duka la mjomba wake. Bima ilipe isilipe, Halfani alitaka aliyekimbia aumie. Akamwita sharifu aje asome halbadiri, kisomo cha kumlaani mkosaji asiyejulikana.

Kulsumu alimshika miguu akilia. "Baba Hamidi, gari si linatengenezwa? Isisomwe, nakuomba. Na kama ni mtoto wa mtu?"

"Kila mtu ni mtoto wa mtu. Asingekimbia."

Ubani ukafukizwa, ikasomwa. Tangu hapo Kulsumu akawa hali wala halali, na mumewe akadhani ni malaria.

Mlango ulipatikana Mbeya, baada ya kutafutwa sana. Winchi Isakwisa aliinyoosha mwenyewe kwa moto na nyundo. Kazi ya kwanza ya lori ikawa barabara ya Kirando, kwenye mteremko mkali wa kushukia ziwani: pikapu ilikuwa imetumbukia korongoni, dereva amekufa.

Halfani alibaki juu akiendesha winchi. Pikapu ya kijivu ilipochomoza, aliona bampa lake limeshika rangi nyekundu, ile ile ya lori lake. Moyo ukamruka kwa furaha. Ilikuwa furaha mbaya, na wala hakuionea haya. Wanaume wakapandisha maiti iliyofungwa blanketi, na mmoja wao akataka kumweleza ni nani.

"Usinitajie jina," Halfani alimkatiza. "Wala sitaki kumwona sura."

Akarudi mjini akiikokota pikapu, maiti imelazwa nyuma ya lori. Kabla ya kwenda hospitali alipita nyumbani, mkewe naye akaone kwamba halbadiri inajibu. Akapiga honi.

Kulsumu alitoka, akaitazama pikapu. Alipanda nyuma ya lori, akalipakata lile blanketi.

"Hamidi," alisema, "si nilikwambia urudi umwombe baba yako radhi?"