Shavu la Mama

Bi Saumu alinihadithia haya juzi, tukichambua mchele.

Mwalimu Mwanahija alikuwa hoi. Tangu asubuhi watoto wa darasa lake la uchoraji walikuwa wakipaka mkaa hovyo kwenye karatasi. Kibibi peke yake hakupaka. Alimchora marehemu mama yake, ambaye nyumbani hawana picha yake, uso bapa kama sinia.

"Tia kivuli, mwanangu."

"Nitamchafua, mwalimu."

"Atakuwa chungu cha maharage!" mwenzake akacheka.

Mwalimu akakishika kidole cha Kibibi, wakasugua mkaa pamoja, polepole, weusi ukififia kuelekea puani. Shavu likainuka kama la mtu anayetaka kucheka.

Wenzake walipoondoka, Kibibi akaegemeza shavu lake juu ya lile la mama mchoroni, akalala. Mkaa ungemhamia usoni, mwalimu alijua, ila hakuwa na moyo wa kumwamsha. Akaegemea ukuta, naye usingizi ukamchukua.