Makamanda Mia Mbili

Asubuhi, baada ya watu wanne kumchukua Shaweji kwa sababu ya makala zake za mtandaoni, mkewe Mwanaidi aliikuta simu ya mumewe chini ya mto. Akafungua kundi la siasa la mtandaoni alilokuwamo mumewe, lenye watu mia mbili waliozoea kuitana makamanda, akaandika: "Mimi ni mke wa Shaweji. Amechukuliwa. Nianzie wapi, jamani?"

Majina yakaanza kupita kwenye kioo: huyu ameondoka, yule ameondoka, hata yule aliyeapa jana kwamba yuko tayari kufa.

"Msiondoke, nawaombeni."

Akabaki mmoja tu, asiye na jina wala picha. Juu ya kioo likatokea neno "anaandika", likapotea, likatokea tena.

Mwanaidi akaishika simu kwa mikono miwili, asijue aombe jibu lije au lisije.