Barua Iliyopigwa Chapa

Serafiina alikata anwani iliyochapwa kwenye gazeti kwa mkasi wa kunyolea kondoo, akaipaka uji uliobaki asubuhi, akaibandika juu ya bahasha. Ndani alitia barua aliyoiiba kwenye koti la Taavetti.

Kuandika hakujua. Kusoma alijua, mchungaji hakumpa mtu kipaimara bila kusoma, na kila mwaka alipokuja kijijini kuwasikiliza wakisoma, hakuna aliyemshinda Serafiina. Lakini alisoma herufi za chapa tu. Mwandiko wa mkono ulikuwa kwake kama nyayo za ndege juu ya theluji.

Taavetti alikuwa mkata magogo wa kaskazini. Alikuja msimu mmoja, akapanga chumba nyumbani kwa Serafiina, akabaki. Watu walimwita mume wake, ingawa kanisani walikuwa hawajatangazwa, kwa kuwa karatasi za usharika wake zilikawia. Serafiina alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kabla ya hapo hakuwahi kuitwa mke wa mtu.

Jirani yake Kustaava ndiye aliyemtia mwiba. "Shoga, mumeo ana soksi nzuri. Umefuma wewe?"

Hakufuma yeye.

Jumamosi, Taavetti alipokwenda kuoga mvuke wa sauna, Serafiina alipekua koti. Alikuta barua, na ndani yake kishungi cha nywele laini mno, nyeupe kama kitani. Zake yeye zilikuwa za kahawia na zimeingia mvi. Alikaa na kishungi kile kiganjani, akihesabu umri wa mwenye nacho. Ishirini? Kumi na minane?

Waliojua kusoma mwandiko pale walikuwa mchungaji, karani wake na mwenye duka. Wote wanaume, na wote wangemnong'oneza Taavetti. Lilibaki gazeti la wanawake kutoka Helsinki. Zamani mambo ya haki za wanawake yaliandikwa Kiswidi, kwa mabibi wa mjini. Hili lilikuwa la Kifini, lugha yao wenyewe, na wanawake saba wa kijiji walishirikiana nakala moja. Toleo la mwisho lilisema: tuleteeni barua za mateso yenu, tutazipiga chapa.

Wakiipiga chapa, aliwaza Serafiina, nitaisoma. Na huyo mwizi wa waume asomwe na nchi nzima.

Alingoja wiki saba. Taavetti aligeuza koti nje ndani mara tatu bila kusema anatafuta nini. Serafiina alikoroga supu, akamtazama, akaona raha.

Gazeti lilipofika, wanawake walikusanyika kwa Kustaava baada ya ibada. Msomaji wao siku zote alikuwa Serafiina. Siku hiyo alijifunga kitambaa cha hariri.

"Umekuja kusoma au kuolewa?" Kustaava alimtania, akimmiminia kahawa.

"Leo tegeni masikio," alisema Serafiina. "Humu ndani kuna mwanamke hana haya hata chembe."

Jina la Taavetti aliliona ukurasa wa tatu. Hakutaka kuisoma peke yake kwanza. Alitaka waisikie pamoja. Alisimama, akasoma kwa ile sauti aliyoisifu mchungaji.

"'Taavetti, mume wangu mpenzi.'" Aliinua macho, akawatazama. "Mmesikia anavyomwita?"

Wanawake walisonya. Kustaava alisema mwanamke wa namna hiyo anyimwe hata maji ya kunywa.

Serafiina aliendelea, kidole kikifuata mstari. "'Mwaka wa sita sasa tangu tufunge ndoa, na nusu yake umeishi mbali. Mtoto uliyemwacha tumboni sasa anakimbia na kusema, na nywele hizi ni zake. Rudi kabla ya mavuno. Na umsalimie sana yule bibi mzee aliyekupangisha chumba, maana umeniandikia kwamba anakutunza kama mwanawe.'"