Figo ya Kushoto

Mwalimu Rukaya alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta, na mwili wa mtu ukatokea, mkubwa kama mlango. Ukigusa kiungo kwenye kompyuta, kinaondoka mwilini. Ukibonyeza "Rudisha", kinarudi mahali pake. Wanafunzi walipokezana, wakatoa ini, wakatoa bandama, wakarudisha huku wakicheka.

Zamu ya Tunu ilipofika, aligusa figo ya kushoto. Ikatoka, pakabaki pengo la kijivu.

"Mwalimu, sasa huyu atakufa?"

"Hafi. Anaishi na moja."

"Na hii iliyotoka inakwenda wapi?"

"Anaweza kupewa mgonjwa. Ndugu yake, labda. Au mtoto wake."

"Basi mtoto anapona."

Mkono wa Mwalimu Rukaya ulikuwa umeshafika ubavuni, juu ya gauni, pale penye kovu. Figo yake ilikaa mwilini mwa binti yake, Salha, miezi saba. Kisha Salha akazikwa nayo, na waliokuja kumpa pole mama hawakujua kwamba walikuwa wamemzika na yeye kidogo.

"Wengine wanapona," alisema.

Kengele ikalia. Tunu akasimama mlangoni. "Mwalimu, sijairudisha."

"Nenda tu, mwanangu. Nitairudisha mwenyewe."

Alipobaki peke yake, akabonyeza. Figo ikarudi mahali pake, nyekundu, kama haijawahi kwenda popote. Akaitoa. Akabonyeza tena. Upepo wa dirishani ukalitikisa shuka, na ule mwili ukawa kama unapumua.