Akipita Wananyamaza

Msusi alijibanza nyuma ya ukuta wa shule, kitana bado kimechomekwa kichwani, akamchungulia mwanawe akila peke yake. Uwanja mzima ulikuwa vicheko. Kijana alipoinuka kwenda bombani, kundi la wenzake lilinyamaza ghafla. Alipokwisha kupita, wakaanza tena kunong'ona.

Basi, alikuwa ameona kwa macho yake. Mwanawe wa pekee, miaka kumi na sita, anatetwa na kutengwa kama mwenye upele. Na asubuhi ile ile kijana alikuwa ameomba ahamishiwe shule ya bweni, ya mbali kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Moyo ulimuuma msusi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alijua pia uchungu wa wana wa wenzake wote, mmoja mmoja, na tarehe ulipoanza.

Saluni, mteja aliyeachwa na kichwa nusu alikuwa bado anasubiri.

"Wanamsema mwanangu," msusi alisema akishika nywele. "Watoto wa siku hizi wana midomo! Wamelelewa na nani? Yule Mrefu, kwa mfano. Mimi sisemi kitu, nina kifua, lakini baba yake amehamia kwa mwanamke mwingine. Na mtoto wa fundi cherehani alikutwa chooni analia, kisa msichana."

"Makubwa! Umejuaje?"

"Mwanangu hanifichi kitu. Yaani, alikuwa hanifichi." Akauvuta msuko kwa hasira mpaka mteja akafumba macho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mteja alisema kwa taabu.

"Haswa!" Msusi alimfikiria Mrefu, aliyekuwa akishinda kwao kila Jumamosi kabla mambo hayajaharibika.

Kufikia alasiri, vichwa vingine vitatu vilikuwa vimetoka saluni, vimesukwa vizuri na kujazwa vizuri.

Jioni msusi alimpakulia kijana chakula, akavuta kiti karibu.

"Niambie, mwanangu. Wanasema nini juu yako?"

"Sijui, mama."

"Na huyo Mrefu? Kwao hali ikoje siku hizi? Baba yake amerudi?"

"Sijui, mama."

"Na wa fundi cherehani? Yule msichana amemkubali?"

"Mama, kweli kabisa, sijui." Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akaomba aongezewe chakula.

Msusi alikwenda jikoni akalia. Mtoto gani huyu, jasiri hivi, anacheka huku moyo unavuja damu! Akaapa kwamba bweni haendi mtu. Atamtafuta aliyewachochea wenzake, amshikishe adabu mbele ya shule nzima.

Kesho yake hakufungua saluni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa misiba ya karibu. Alimvizia Mrefu langoni mwa shule, akamkamata mkono. Wanafunzi wakaanza kukusanyika, naye akafurahi. Mashahidi ni muhimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba nitakupa baadaye! Mwanangu amewakosea nini? Mbona akipita mnanyamaza?"

Mrefu alitazama chini. "Hajatukosea, mama. Sisi tunampenda sana."

"Mnampenda, halafu mnamwacha ale peke yake kama mgonjwa? Nani amewaambia mmtenge? Nitajie jina lake, sasa hivi!"

"Ametuomba mwenyewe, mama," Mrefu alisema taratibu. "Anataka akiwa karibu tusiongee lolote, ili jioni ukimhoji asiwe na la kukuambia."