Sauti Ndani ya Jiko

Sheria inataka kila chombo cha nyumbani chenye kompyuta ndani kipimwe kila mwaka. Rukaya, mpimaji wa Tanga, huunganisha kompyuta yake na chombo, akaingia kwenye programu iliyo nyuma ya kioo chake, akasoma sifa zake za ndani na kujaribu kimoja kimoja vitendo kilivyopangiwa kufanya.

Ndani ya jiko la umeme la Bi Msimu alikuta kitendo kisichoonekana kwenye kioo: "mwite". Alipokiamuru, sauti ya kiume ikasema, "Msimu, chai tayari, mke wangu."

Bi Msimu akaacha kukuna nazi. "Ni marehemu mume wangu, Shekue! Miaka sita sijaisikia sauti yake."

"Samahani, bibi. Vitendo vilivyofichwa lazima vifutwe."

"Basi kiamuru tena, mwanangu."

Rukaya alikiamuru mara tatu, kisha akakifuta.

Jiko lilinyamaza. Bi Msimu akaliitikia kana kwamba mumewe ameita, "Naja, baba."