Imerudi

Uzi uligusa nguzo juu na ukaigusa chini, lakini katikati Jeconia alipitisha ngumi nzima bila kuugusa. Juzi ngumi ilikuwa inakwama. Akaukunja uzi, akatazama tangi la maji lililobebwa na nguzo nne za chuma, kisha akatazama safu ya nyumba za wafanyakazi zilizopangwa chini yake. Nyumba ya pili ilikuwa yake.

"Mama Peris, toa mtoto, toa na godoro," alimwambia mkewe, Muhonja. "Leo mtashinda kanisani."

"Kwani kuna nini?"

Meneja wa shamba la katani alikuwa amemwonya asitie watu hofu, kwa hiyo wengine wote aliwaambia tangi linaoshwa. Lakini kwa Muhonja alishindwa kusema uongo. Akamvuta kando.

"Chuma ukikipinda kidogo kisha ukakiachia, kinarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kina mpaka wake. Kikishauvuka, hata ukiondoa mzigo wote hakinyooki tena. Kinasimama tu, kumbe kimeshakufa. Leo namwaga maji yote. Nguzo ikirudi, tumepona. Isiporudi, tangi hili lisitiwe hata debe moja."

Muhonja akacheka. "Mngekuwa mnaniangalia mimi hivyo, wewe na uzi wako, mngejua nimekonda." Lakini alijitwisha godoro, akampitia Wakesho wa nyumba ya jirani, na wale wengine wakamfuata.

Mwaka huo wa sabini na nne mvua iliipa Voi kisogo, na mashine ya kuchana katani ilikunywa maji kuliko ng'ombe wote wa wilaya. Meneja alikubali shingo upande tangi likae tupu mpaka kesho. Jeconia akafungua bomba la kumwagia maji, akasubiri.

Saa tatu maji yalikuwa hayajashuka hata nusu, na lori la shamba, ambalo lilikuwa moja tu, lilikuwa linaondoka kwenda mjini. Ilimbidi apande. Alikuwa amefanya kazi reli miaka kumi na miwili, na rafiki yake Nicodemus alikuwa amemwekea vyuma viwili vya reli kuukuu vya kuegemezea nguzo ikionekana imekufa.

Akamwita Donald, karani wa ofisi, mtu wa Ronge ambaye hakuwahi kusahau agizo la mtu. Akamwonyesha juu kwa kidole.

"Itazame kwa macho yako, Donald. Saa nane nitapiga simu kutoka stesheni, uniambie kama imerudi."

"Usijali, fundi. Hata hawa kina mama na debe zao, swali lao ni hilo hilo."

Mjini, Nicodemus alimwandalia ugali na samaki, lakini Jeconia alimega tonge moja tu, akaisukuma sahani kando. Miezi miwili alikuwa amelala akisikiliza chuma kikilia juu ya paa lake. Alijua angeweza kuwa amekosea. Alijua pia kwamba akikosea, meneja angemcheka, na tangi lingejazwa siku yoyote atakayogeuza mgongo.

Saa nane kamili alikuwa na simu sikioni, akipiga kelele kwa sababu laini ilikuwa mbaya.

"Donald! Imerudi?"

"Imerudi, fundi!"

"Umeona mwenyewe, ama umeambiwa?"

"Nimepanda ngazi mwenyewe. Imerudi mpaka juu!"

Jeconia akashika meza. Machozi yalimtoka mbele ya wafanyakazi wa stesheni, wala hakuona haya.

"Asante Mungu. Basi waambie watu warudi nyumbani. Mama Peris akikataa, mwambie ni mimi nimesema."

"Sawa, fundi. Watafurahi sana."

Alimwambia Nicodemus vyuma vikae tu, hakuna haraka. Akarudia ule ugali uliopoa, akaumaliza, akaomba mwingine. Walikumbushana habari za zamani, wakacheka mpaka dereva wa lori akaja kumwita.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika kwenye lango la shamba. Dereva alikanyaga breki. Barabara ilikuwa tope, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uanze.

Tangi lilikuwa limelala mahali zilipokuwa nyumba nne za kwanza. Nguzo ya tatu, ile aliyoipima kwa uzi, ilikuwa imejikunja katikati, nyingine zimeifuata. Kwenye baraza la kanisa watu walikuwa wamewalaza wanne na kuwafunika magunia. Wakesho alisimama pembeni amembeba Peris. Jeconia aliitambua miguu ya mkewe kabla hawajamfunua.

Alikaa chini kando yake. Alimfuta matope usoni kwa mkono, akarudia, akarudia tena, ingawa uso ulikuwa tayari safi. Hakulia. Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani, nacho hakikukubali kukaa: chuma kikishanyooka chenyewe, hakianguki siku hiyo hiyo.

Donald alikuwa amesimama hapo, amelowa, vidole vimechanika kwa kuinua mabati.

"Donald," Jeconia alisema polepole, "ulipanda ngazi. Ukaniambia nguzo imerudi."

Donald alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Nguzo gani, fundi? Meneja alifunga bomba, akafungulia pampu saa nne. Mimi nilikuambia maji imerudi, na wewe ukasema watu warudi nyumbani."